Kushushwa Kundi la Pili

Katika mtaa wetu, pembeni mwa mji wa Ifakara, upande wa Lumemo, mchango wa maendeleo hautozwi sawa kwa kila kaya. Kaya hupangwa katika makundi matatu kwa kadiri ya uwezo, la kwanza likitoa fedha nyingi zaidi na la tatu likitoa siku za kazi, na hakuna anayeruhusiwa kujipanga mwenyewe. Zamu ya kaya yako inapofika, unatoka nje ya ghala la mazao tunakofanyia mikutano, unasimama upande wa nyuma, na majirani wanakujadili. Wakimaliza unaitwa, unatajiwa kundi lako, unasema "nashukuru", unakaa. Utaratibu huo tuliukuta tulipohamia. Nadhani waliouanzisha waliona kwamba mtu akiwa mbele ya macho ya watu husifiwa kupita kiasi, au husemwa kwa hasira, lakini akiwa nje husemwa kama alivyo.

Tatizo ni kwamba ghala lile limejengwa kwa matofali ya matundu ili mpunga upate hewa, na aliyesimama nyuma husikia kila neno. Wanaojadili wanalijua hilo, na anayejadiliwa analijua. Hata hivyo adabu ya mtaa inataka kila mmoja ajifanye hajui.

Mwaka huo mchango ulikuwa wa kivuko. Kati ya makazi yetu na mashamba ya ng'ambo kuna kijito kinachomwaga maji yake katika mto Lumemo. Wakati wa kiangazi unakivuka bila kulowesha goti, lakini mvua zikikolea kinageuka kizuizi, na wanaokwenda shambani kwa miguu hulazimika kuzunguka mbali mpaka barabara kuu. Halmashauri ilikubali kuleta saruji, nondo na fundi, kwa sharti kwamba wananchi wachangie kilichobaki. Mimi na mume wangu tuna mashamba ya mpunga huko ng'ambo, lakini kijito hakitusumbui, kwa sababu tuna gari na barabara kuu si mbali kwa mwenye gari.

Inafaa niseme pia kazi yangu. Mimi ni mkufunzi wa chuo, na katika masomo ninayofundisha kuna mada ya kodi. Kila mwaka huwagawa wanachuo pande mbili na kuwapa hoja ileile: kumtoza zaidi mwenye nacho kunamsaidia mfanyakazi wa kawaida au kunamuumiza? Upande mmoja husema kodi hiyo hujenga zahanati na shule ambazo maskini hawezi kuzijenga peke yake. Upande wa pili husema mwenye mali hakubali hasara, kwa hiyo huishusha kwa anayemfanyia kazi. Mimi huchora mishale ubaoni, kutoka kwa tajiri kwenda serikalini, kutoka kwa tajiri kwenda kwa kibarua, na mwishoni huwaambia kwamba inategemea. Wanachuo huandika "inategemea" kwenye madaftari yao na tunaagana. Nilipenda mada hiyo. Ilinipa nafasi ya kuwa mwerevu bila kuwa upande wowote.

Mashamba yetu yalikuwa yakipandikizwa na kundi la kina mama wa mtaa huuhuu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka michache, mwembamba, mwenye sauti inayofika mbali bila yeye kupaza. Asili yake ni upande wa Mahenge, na mumewe alikwenda kutafuta kazi akakawia huko alikokwenda. Mimi nilimwamkia shikamoo kwa sababu ya umri, naye aliniita mwalimu kwa sababu ya kazi, na hivyo kila mmoja alikuwa na heshima yake ya kumpa mwenzake. Kila msimu alikuja kuniuliza kama mbegu ya kitalu imelowekwa. Miche ikikomaa, aliwaleta wenzake alfajiri, wakainama majarubani mpaka jua likawa kali, na wakaimba nyimbo ambazo baadhi zilinitaja mimi na gari langu. Malipo yao ya msimu ndiyo yaliyonunua sare na madaftari. Najua, kwa sababu nilikutana nao dukani wakinunua.

Juma moja kabla ya mkutano wa kivuko, alikuja nyumbani mwenye trekta. Huyu anakaa mtaa wetu pia, na ndiye mwenye matrekta mengi zaidi upande huu. Alikuwa amenunua mashine ya kupanda inayofungwa nyuma ya trekta. Alitueleza, mimi na mume wangu ambaye alikuwa amekuja likizo kutoka Morogoro mjini anakofanya kazi, kwamba sasa hakuna haja ya kitalu wala kupandikiza: mashine inadondosha mbegu kwa mistari kwenye udongo mkavu, mvua inaiotesha, kisha kijana mmoja anapita na bomba la dawa ya magugu, basi. Mume wangu alifurahi kama mtoto. Mimi niliuliza, "Na kina mama?" Mwenye trekta akasema, "Kina mama watapata shughuli nyingine, mwalimu. Kazi haziishi." Nilikunywa chai yangu. Tulikubaliana siku hiyohiyo, na hapakuwa na kodi wala mchango wowote uliotusukuma. Ilikuwa rahisi zaidi tu.

Siku ya mkutano ghala lilijaa. Kaya ya mwenye trekta ilitangulia kujadiliwa, na madereva wake walisimama mmoja baada ya mwingine kusema kwamba akibanwa atauza trekta moja, na dereva wake atarudi kwenye jembe la mkono. Akawekwa kundi la pili. Kisha mwenyekiti wa mtaa akaita kaya yetu. Mume wangu alikuwa amesharudi kazini, kwa hiyo nilitoka peke yangu. Nikasimama nyuma ya ukuta, karibu na lundo la pumba, nikautazama mlima kwa mbali kama afanyavyo kila anayesimama pale.

"Haya, kaya ya mwalimu," alisema mwenyekiti. "Tuseme."

"Hapo kuna la kusema?" ilikuwa sauti ya mzee anayeuza mkaa. "Nyumba ya vigae, gari lipo, mashamba yapo. Kundi la kwanza, twende mbele."

"Gari lenyewe lile linalosukumwa kila Jumapili kwenda kanisani?" aliuliza mwingine, na watu wakacheka.

"Hata likisukumwa ni gari. Wewe una nini cha kusukuma?"

"Ninao mkokoteni."

Walicheka tena, nami nilitabasamu peke yangu. Sikuona ubaya. Kundi la kwanza ndilo lililokuwa langu, na nilikuwa nimeshajiandaa kuitikia. Ndipo nikaisikia ile sauti inayofika mbali.

"Mwenyekiti, naomba na mimi niseme. Mwalimu mimi namjua. Sisi kina mama tunampandikizia misimu yote. Mkimpandisha huyu kundi la kwanza, hiyo hela ataitoa wapi? Ataitoa kwetu sisi. Atasema, kina mama, mwaka huu mtanipandikizia nusu, nusu nyingine naiacha. Au ataniambia bei imeshuka, chukua au acha, na mimi nitachukua maana sina pengine. Mnamkamua yeye, maziwa yanatutoka sisi."

Palitokea minong'ono. Mtu akasema, "Dada, umepewa nini wewe?"

"Nimepewa kazi. Wewe umewahi kunipa nini zaidi ya habari za asubuhi?"

"Lakini mama," alisema mzee wa mkaa, safari hii taratibu, "kivuko ni chetu sote. Mwenye nacho akipunguziwa, pengo nani analiziba?"

"Tutaliziba sisi, baba. Kwa mikono. Mikono tunayo. Kazi ikishatoka mikononi ndiyo hatutakuwa na kitu."

Kisha nikamsikia mwenye trekta akikohoa. Alikuwa ameketi mbele, nilikuwa nimemwona. "Mwenyekiti," alisema, "mama amejenga hoja. Tusiwatishe watu wanaotoa ajira mtaani. Mimi naunga mkono."

Hapo nilielewa kwamba watu wawili tu mahali pale tulijua ukweli, na mmoja wetu alikuwa ameshaamua kuutumia. Hakuna mchango ambao ungeiondoa kazi ya wale kina mama, kwa kuwa ilikuwa imeshaondoka, mezani kwangu, kati ya kikombe cha chai na sahani ya karanga. Kutoka nilipokuwa mpaka mlangoni ni hatua chache. Ningeweza kuzunguka, nikaingia na kusema: jamani, nimesikia, niwekeni kundi la kwanza, na wewe dada usinitetee kwa sababu msimu huu sina kazi ya kukupa. Badala yake nilijiambia kwamba si adabu. Aliye nje hasikii. Nilijificha nyuma ya desturi ya watu kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake.

Waliniita. Mwenyekiti akatamka, "Kaya ya mwalimu, kundi la pili." Kina mama walipiga makofi kidogo. Nikasema, "Nashukuru." Kiongozi wao akasogea kwenye mkeka, akanipangusia nafasi kwa upindo wa kanga yake, nami nikakaa.

Kundi la kwanza lilipobaki karibu tupu, hesabu ya kivuko haikutosha, na mwenyekiti akatangaza kwamba kundi la tatu litaongezewa siku za kuchimba mchanga na kubeba mawe. Hakuna aliyepinga. Mzee wa mkaa tu ndiye aliyetikisa kichwa na kuvaa kofia yake.

Tulipotoka, kiongozi wa wapandikizaji alinifuata.

"Shikamoo dada," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Najua hukusikia kitu," alisema akicheka kwa macho, "lakini ungesikia ungefurahi."

Nilisema niliona tu mlima.

"Haya. Mbegu umeshaloweka?"

"Bado."

"Usichelewe, mvua hizi zinakuja vibaya. Juzi kanipigia tajiri mmoja wa Idete, anataka kundi zima. Nimemwambia ngoja kwanza, mimi nina mwalimu wangu, siwezi kumwacha. Nikishamaliza kwako ndipo niende kwake, kama atakuwa bado anatutaka."

Nilimjibu kwamba nitamjulisha. Ndivyo nilivyosema. Nimefundisha watu wazima kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na wakati huo neno lililonitoka lilikuwa lile ambalo ofisi hutumia kumwondoa mtu dirishani.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti, nikiwa nimeamua angalau kurekebisha upande wa mchango. Nilimwomba anirudishe kundi la kwanza. Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu aliyeletewa kesi ya ndoa.

"Mwalimu, nikikurudisha wewe nitabanwa kwa nini nimemwacha mwenye trekta. Na yeye ndiye anayetulimia shamba la shule kwa mkopo. Unaona ninapokaa?"

Nikasema naona.

"Kama moyo umekusukuma, toa kama hisani. Jumapili kanisani nitasimama baada ya matangazo nikutaje. Watakupigia makofi, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kupiga."

Nilirudi nyumbani bila kutoa. Nilijiambia kwamba makofi hayo yangekuwa uongo wa pili, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ni kweli pia kwamba fedha zilibaki kwangu, na kwamba wiki ileile tulizitumia kulipia sehemu ya kazi ya mashine. Kati ya kudaiwa na wenzako kwa haki na kuwapa kwa hiari yako kuna umbali ambao nilikuwa nikiueleza darasani kwa ufasaha. Anayedaiwa hapigiwi makofi. Anatoa, anakaa, na kivuko kinakuwa cha wote. Hilo ndilo nililopunguziwa pale ghalani, na nililipokea kwa shukrani.

Siku zikapita. Kila asubuhi nilikusudia kwenda kwa kiongozi wa wapandikizaji, na kila jioni nilikuwa na sababu. Mara mbili alinipigia simu, mara ya pili nikaiacha ilie. Trekta ilipita mashambani ikapanda kwa siku moja, na kwa kuwa ilizunguka kwa barabara kuu, na kina mama walikuwa kijitoni kwenye mawe, hawakuiona.

Hatimaye nilikwenda kijitoni. Nilivaa viatu vya mpira, nikashuka mtelemko asubuhi moja ya mawingu. Kundi la tatu lilikuwa kazini: wanaume wakichimba mchanga, kina mama wakipokezana makarai ya mawe kutoka lundoni mpaka alipokuwa fundi. Waliponiona wakashangilia.

"Mwalimu kaja! Kundi la pili limetushukia!"

"Mpeni karai dogo, vidole vya chaki hivyo!"

"Chaki nayo ina uzito, msimcheke."

Walidhani nimekuja kuwasaidia. Kiongozi wao akanifungia kitambaa kichwani kwa mikono yake, akaniwekea ngata na karai juu, akasema, "Shingo usiikaze, mwalimu, iache tu." Nikabeba. Nilibeba asubuhi nzima, na sitaki kusema kwamba nilijisikia vizuri, lakini ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri, na hilo linanitia aibu kuliko mengi mengine. Nilikuwa katikati yao, nachekwa, nasifiwa, na kila jiwe nililobeba lilinipa sababu ya kutosema bado.

Walipopumzika, mimi na yeye tulishuka majini kunawa miguu. Nikamwambia. Nilisema kwa sentensi fupi: mashamba yameshapandwa kwa mashine. Dawa ya magugu imeshaagizwa. Mwaka huu hakuna kupandikiza.

Aliendelea kusugua kisigino kwa jiwe kwa muda. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tulikubaliana kabla ya mkutano."

"Kabla." Alilitupa lile jiwe majini. "Na kule nyuma ya ghala ulisikia."

"Nilisikia, dada."

"Ungeingia ukasema, mwalimu, ningekupandisha kundi la kwanza mimi mwenyewe. Na ningekuongezea lile gari unalosukuma." Mdomo wake ulielekea kucheka, macho hayakuufuata. "Mimi nilisema vile makusudi. Nilijua unasikia. Nilitaka uone haya ya kutupunguzia bei. Kumbe najadili bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa."

Alitoa simu kwenye fundo la kanga, akaipangusa, akampigia yule tajiri wa Idete. Aliongea kwa sauti ya uchangamfu ambayo najua hakuwa nayo. Alicheka palipotakiwa kucheka. Alipokata, aliwageukia wenzake waliokuwa wamekaa juu ya lundo la mawe wakila mihogo.

"Jamani, kwa mwalimu hakuna kazi. Kapanda kwa mashine. Idete kashachukua watu wengine, anataka nusu yetu tu, na tuondoke kesho."

Mihogo ilisimama midomoni. Nilitamani mtu anitukane, ingekuwa angalau malipo ya namna fulani, lakini hawakunitazama. Walimtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kuchagua.

"Mimi naenda," alisema, bila kuomba radhi. "Nina wawili sekondari." Kisha akaanza kuwataja wengine, polepole, akiwatazama usoni mmoja mmoja: huyu ana mgonjwa, huyu ana mjukuu aliyeachiwa, huyu mgongo wake bado una nguvu. Kila aliyetajwa aliinamisha kichwa, hata kufurahi hakuthubutu. Alipofikia nusu alinyamaza. Waliobaki walijua.

Nilipokuwa darasani na mishale yangu, mshale wa kutoka kwa tajiri kwenda kwa kibarua ulikuwa mmoja, mnyoofu, wa chaki nyeupe. Sikuwahi kuuchora huu mwingine, wa kibarua mmoja kulazimika kumpangua mwenzake. Na hapakuwa na mtoza kodi yeyote aliyesimama kwenye kijito kile. Kodi tuliyokuwa tukiiogopa haikumgusa mtu. Wao ndio waliokuwa wamenilipia mchango wangu kwa mawe, na bado kazi haikuwepo.

Walianza kunyanyuka kurudi kwenye makarai. Mimi nilibaki nimeshika viatu mkononi, sijui niondoke au nibebe tena. Mmoja wa wale wasiotajwa, binti mwenye mtoto mgongoni, alinisogelea. Hakuwa na kejeli usoni, ningeiona.

"Mwalimu, na kuamia ndege je?" aliuliza. "Mpunga ukishatoa mashuke, kuwafukuza wasiule. Au nako kuna mashine?"

Nilimwambia hakuna mashine. Nikamwambia aje, kazi hiyo ni yake, nitampa kibanda na mtu wa kumpokea mchana. Nilisema haraka, kabla sijamfikiria mume wangu wala bei. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, ya wiki chache, miezi mingi mbele.

Yule binti akapiga goti palepale kwenye matope, mtoto mgongoni, akaniambia, "Asante sana, mwalimu, Mungu akuzidishie."